Miaka 300 ndani ya saruji: Jinsi mionzi inavyoathiri zege linalofunga taka za nyuklia

WACHIMBAJI wa dhahabu wa Osiri, eneo la Nyatike katika Kaunti ya Migori, hulijua vyema jiwe la kwatzi. Ni jiwe gumu, aghalabu jeupe na lenye kung'aa. Katika ukanda wa dhahabu wa Migori, madini hayo ya thamani hupatikana sana ndani ya mishipa ya jiwe hili, nalo huvunjwa na kusagwa hadi likawa unga kabla ya dhahabu kutenganishwa.

Jiwe hilo hilo limo katika mchanga na kokoto za ujenzi kote duniani. Na ndilo mojawapo ya sababu zinazowafanya wahandisi wa nyuklia wajiulize iwapo kuta na mitungi ya zege wanayoijenga itadumu.

Swali hilo limesogea karibu na wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Baada ya mpango wa kujenga kinu cha kwanza cha umeme wa nyuklia cha Kenya kukabiliwa na upinzani wa wakazi wa Uyombo, Kaunti ya Kilifi, serikali iligeuza macho mwaka 2025 kuelekea Kaunti ya Siaya. Luanda K'Otieno, ambako feri ya kutoka Mbita, Kaunti ya Homa Bay, hutia nanga, ni miongoni mwa maeneo yaliyotajwa.

Wanaoishi ng'ambo ya Ghuba ya Winam wana haki ya kuuliza: Taka za kinu kama hicho hufungiwa ndani ya nini? Na je, mionzi haitakivunja chombo hicho kutoka ndani?

Jibu la swali la kwanza ni fupi. Sehemu kubwa ya taka hizo, kwa ujazo, hufungiwa ndani ya saruji. Jibu la swali la pili ni refu kidogo, na makala haya yanajaribu kulieleza.

Kazi tatu za saruji

Saruji haiui mionzi. Hakuna kemikali wala moto unaoweza kuzima mionzi ya atomu. Hutulia yenyewe kadiri muda unavyopita. Kazi ya saruji ni kusubiri, na kuhakikisha kwamba katika muda huo wa kusubiri hakuna kinachotoka.

Kazi ya kwanza ni kukinga. Zege, au konkriti kama wengi wanavyoliita, ni zito na la bei nafuu. Unene wa takriban sentimita 5 hupunguza kwa nusu mionzi ya gama itokayo kwenye sesiamu-137, ilhali kwa kobalti-60, ambayo mionzi yake ina nguvu zaidi, huhitajika takriban sentimita 6. Kila unene huo unapoongezwa, mionzi hupungua kwa nusu nyingine.

Kazi ya pili ni kushikanisha. Maji machafu ya kinu, majivu, vichujio, glavu na vyuma vilivyochafuliwa huchanganywa na uji wa saruji ndani ya mtungi, kisha mchanganyiko huo huganda kuwa kitu kimoja kisichomwagika wala kupeperuka.

Kazi ya tatu haionekani kwa macho. Maji yaliyomo katika vitundu vya saruji ni makali kwa namna ya magadi: kipimo chake cha alikali hukaribia 13. Katika hali hiyo, metali nyingi zenye mionzi, ikiwemo urani na plutoniamu, hushindwa kuyeyuka na hubaki zimeng'ang'ania mahali pake. Hali hiyo pia huzuia chuma kushika kutu.

Sesiamu ni tofauti. Huyeyuka kwa urahisi na saruji ya kawaida haiishiki vizuri. Ndiyo maana katika nchi nyingi wahandisi huongeza udongo wa mfinyanzi wa aina maalumu ndani ya mchanganyiko ili uinase.

Maji ndiyo mlango wa kwanza

Mionzi ikiingia ndani ya saruji iliyoganda, kitu cha kwanza inachokidhuru ni maji.

Kila fundi anajua kwamba saruji haikauki tu kama tope. Hufanya tendo la kikemia na maji, na baadhi ya maji hayo hugeuka kuwa sehemu ya jiwe jipya. Maji yanayofungwa kwa njia hiyo ni takriban robo ya uzito wa saruji, yaani lita 12 hivi kwa mfuko wa kilo 50. Lakini mchanganyiko wa kiasi hicho ni mkavu mno kumiminwa, kwa hivyo fundi huweka lita 20, 25 au zaidi. Maji ya ziada hubaki katika vitundu vidogo mno ndani ya zege, mengine kwa miaka mingi.

Mionzi ya gama, pamoja na chembe za alfa na beta, huipasua molekuli ya maji. Vipande vyake hugongana na kuungana upya, na miongoni mwa vinavyozaliwa ni gesi ya hidrojeni na dawa kali ya peroksaidi ya hidrojeni.

Hidrojeni ndiyo inayowasumbua wahandisi zaidi. Ikizalishwa polepole na kupata njia ya kutoka, haina madhara. Ikifungiwa ndani ya mtungi uliozibwa kabisa, shinikizo hupanda na zege laweza kupata nyufa. Aidha gesi hiyo hushika moto inapofikia asilimia 4 ya hewa.

Dawa yake ni rahisi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Mitungi ya taka za aina hii huwekwa tundu lenye kichujio, ambalo huruhusu gesi kutoka na kuzuia vumbi. Maghala yake hupitishwa hewa. Na mchanganyiko wa saruji hupangwa ili ubaki na maji machache yasiyofungwa. Kwa maneno mengine, kosa la fundi anayeongeza maji ili zege limwagike kwa urahisi, ambalo katika nyumba ya kawaida hupunguza nguvu ya nguzo, katika mtungi wa taka huongeza pia gesi.

Mionzi ya gama huleta athari nyingine za taratibu. Joto lake hukausha zege na kulifanya lisinyae. Pia imeonekana katika maabara kwamba saruji iliyopigwa na gama huweza kuungana upesi zaidi na hewa ya kaboni dioksaidi na kugeuka kuwa chokaa. Mabadiliko hayo huziba baadhi ya vitundu, jambo jema, lakini hupunguza ule ukali wa alikali unaokinga chuma, jambo baya. Ndiyo sababu matokeo ya majaribio hayalingani: katika baadhi ya maabara zege lilipungua nguvu, na katika nyingine liliongezeka kidogo.

Jiwe linalofura

Gama hupita katika jiwe bila kulisumbua sana. Nyutroni ni habari nyingine.

Nyutroni ni chembe zinazorushwa atomu za urani zinapopasuka ndani ya kinu. Hazina chaji ya umeme, kwa hivyo hupenya na kugonga viini vya atomu kama gololi inavyogonga gololi. Ndani ya jiwe kama kwatzi, ambamo atomu zimepangwa kwa safu kama matofali ukutani, kila pigo huzitoa atomu mahali pake. Mapigo yakiwa mengi mno, mpangilio wote huvurugika na jiwe huwa kama kioo.

Kwatzi iliyovurugika namna hiyo huhitaji nafasi kubwa zaidi. Ujazo wake huweza kuongezeka kwa karibu asilimia 18. Wakati huo huo, saruji inayoizunguka inakauka na kusinyaa. Kokoto inafura, gundi inayoishika inajikunja, na matokeo ni nyufa zinazoenea katika zege zima.

Mawe hayafanani. Kalsaiti, ambayo ndiyo madini makuu ya mawe ya chokaa, hufura kidogo sana ikilinganishwa na kwatzi. Mawe ya volkeno yenye madini ya feldspa huwa katikati. Kwa hivyo chaguo la kokoto, ambalo mkandarasi wa kawaida hulifanya kwa kuangalia bei na umbali wa timbo, katika ukuta ulio karibu na kinu ni uamuzi wa usalama.

Mwaka 1978 mhandisi Mjerumani Hubert Hilsdorf na wenzake walikusanya matokeo ya majaribio yaliyokuwa yamefanywa hadi wakati huo. Walionyesha kwamba nguvu ya zege huanza kushuka linapopigwa na nyutroni za kasi zipatazo 1 ikifuatwa na sufuri 19 kwa kila sentimita ya mraba, na kwamba kwa upande wa gama kiwango hicho ni takriban grei milioni 100. Tafiti za baadaye, hasa za Japani, zimefafanua kwamba aina ya jiwe ndiyo inayoamua kasi ya uharibifu, na kwamba mabadiliko madogo huanza mapema zaidi.

Ili msomaji apate kulinganisha, grei 5 zikimpiga mtu mwili mzima kwa muda mfupi zaweza kumwua. Zege ni kiumbe kigumu sana.

Hapa pana jambo ambalo huchanganywa mara kwa mara. Viwango hivyo vikubwa vya nyutroni hupatikana katika ukuta unaozunguka tumbo la kinu, tena baada ya miongo mingi ya kazi. Mtungi wa taka za kawaida hautoi nyutroni za kutosha kufurisha kokoto, na jumla ya gama inayopokewa na saruji yake kwa karne nzima aghalabu huwa chini sana ya kiwango cha hatari. Kwa mtungi wa taka, swali kuu hubaki kuwa la maji na gesi.

Tofauti nyingine ya kukumbuka ni kwamba gama haiachi zege likiwa na mionzi, ilhali nyutroni huweza kuligeuza. Zege lililokaa karibu na kinu huzalisha kobalti-60 na atomu nyingine zenye mionzi ndani yake, na kinu kinapobomolewa ukuta huo huwa nao ni taka.

Zisizofaa kutiwa saruji

Kuna taka ambazo saruji haiziwezi. Mabaki makali yanayotokana na usafishaji wa mafuta ya nyuklia yaliyotumika hutoa joto na mionzi mingi mno. Maji ya saruji yangechemka na kupasuliwa bila kikomo. Kwa taka hizo, Ufaransa, Uingereza na nchi nyingine hutumia kioo: taka huyeyushwa pamoja na kioo katika tanuri na kumiminwa ndani ya mikebe ya chuma cha pua. Zege hubaki nje kama kinga.

Hata miongoni mwa taka za kiwango cha chini na cha kati, zipo zinazoigombanisha saruji zaidi kuliko mionzi. Asidi ya boroni, inayotumika katika vinu vingi, huchelewesha saruji kuganda. Alumini ikitiwa ndani ya saruji huliwa na alikali na kutoa hidrojeni nyingi. Magnesi na urani huungua polepole kwa kutu na kuvimba. Chembechembe za resini zinazosafishia maji ya kinu hunywa maji na kufura, nazo zimewahi kupasua mitungi. Kwa hivyo mtungi ulioota nyufa haumaanishi kwamba mionzi ndiyo iliyoupasua. Mara nyingi ni kemia ya kilichomo.

Hesabu ya miaka 300

Kila atomu yenye mionzi ina nusumaisha yake, yaani muda unaohitajika ili nusu ya atomu hizo ziishe. Kobalti-60, iliyotumika sana katika mashine za kutibu saratani, ina nusumaisha ya miaka 5.3. Sesiamu-137 ina miaka 30. Amerisiamu-241 ina miaka 432. Radiamu-226, iliyotumiwa na hospitali za zamani, ina miaka 1,600.

Baada ya nusumaisha 10, kinachobaki ni takriban sehemu moja kwa 1,000. Kwa kobalti hiyo ni miaka 53, na kwa sesiamu ni miaka 300. Ndipo ilipotoka hesabu ya miaka 300 ambayo Ufaransa na Uhispania huitumia kulinda maghala yao ya zege yaliyo karibu na uso wa ardhi.

Je, saruji imewahi kudumu miaka 300? Saruji ya Portland ilipewa hataza nchini Uingereza mwaka 1824, kwa hivyo ndiyo kwanza imevuka miaka 200. Lakini chokaa, babu yake, ina ushahidi mrefu zaidi. Ngome ya Yesu mjini Mombasa ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake zingali zimesimama mbele ya bahari. Zimekarabatiwa mara nyingi, na hilo ndilo funzo: jengo lililodumu ni lile ambalo kila kizazi kilijua thamani yake na kulitunza.

Radiamu haitoshelezwi na miaka 300. Tena ina tatizo la ziada: inapovunjika hutoa chembe za alfa ambazo hugeuka kuwa gesi ya heliamu, na pia huzaa gesi ya radoni. Sindano za radiamu za hospitali, zilizofungwa ndani ya vijaluba vidogo, huweza kuvimba na kuvuja. Kwa sababu hiyo hufungiwa kwanza ndani ya kijaluba kipya cha chuma cha pua kilichochomelewa, kabla ya zege lolote kuhusishwa.

Yaliyokwisha kutokea

Historia inatoa mifano ya namna saruji inavyofaulu na inavyoshindwa.

Mnamo Septemba 1987, katika jiji la Goiânia nchini Brazili, watafuta vyuma chakavu walichukua kifaa cha sesiamu-137 kutoka kliniki ya saratani iliyohamwa. Watu 4 walikufa, 249 walipatikana wamechafuliwa, na zaidi ya 100,000 walipimwa. Mabaki ya chanzo hicho yalikuwa yamefikishwa katika ofisi ya afya ya jiji na hakuna aliyeweza kuyakaribia. Waokoaji walitumia winchi kushusha kipande cha bomba la maji taka kuyazunguka, kisha wakamimina zege ndani kwa pampu. Takriban mita za ujazo 3,500 za taka zilizotokana na ajali hiyo zilihifadhiwa hatimaye huko Abadia de Goiás.

Kule Chernobyl, Ukraini, jengo la kukifunika kinu kilicholipuka lilikamilishwa kwa miezi michache tu mwaka 1986. Wajenzi hawakuweza kukaribia, viungo vingi havikuchomelewa, na kwa miaka iliyofuata mvua ilipenya kwenye mianya. Mionzi ilikuwa ya kutisha, lakini kilicholidhoofisha jengo ni haraka, maji na kutu. Mwaka 2016 lilifunikwa kwa paa jipya la chuma lililokusudiwa kudumu miaka 100. Mnamo Februari 2025, ndege isiyo na rubani ililitoboa paa hilo, ishara kwamba hakuna mhandisi anayeweza kuhesabu vita.

Barani Afrika, kituo cha Koeberg karibu na Cape Town ndicho pekee kilichozalisha umeme wa nyuklia kwa miongo kadhaa. Zege la nje la majengo yake ya kinga limepata madhara. Chanzo ni chumvi ya upepo wa bahari, iliyopenya na kushambulia nondo. Taka zake za kiwango cha kati hufungiwa ndani ya vyombo vya zege na kupelekwa Vaalputs, eneo kame la Northern Cape lililochaguliwa kwa sababu mvua yake ni haba.

Mfano unaowagusa zaidi watu wa Osiri umo katika nchi ya Waswahili wenzao, huko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mgodi wa Shinkolobwe ulitoa urani iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Uhuru ulipokaribia mwaka 1960, mgodi ulifungwa na mashimo yake yakazibwa kwa zege.

Zege hilo halikushindwa na mionzi. Miaka ya 1990 ilipokaribia mwisho, umaskini na bei ya kobalti viliwaleta wachimbaji wadogo kwa maelfu. Hawakuhitaji kulivunja zege; walichimba kando yake. Rais aliamuru eneo lifungwe mnamo Januari 2004, lakini uchimbaji uliendelea, na Julai mwaka huo mporomoko uliwaua watu 8. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa uliotumwa baadaye mwaka huo ulitaja hatari ya kuporomoka kwa mashimo kuwa kubwa na ya karibu zaidi kuliko mionzi.

Yeyote aliyewahi kuona mashimo ya dhahabu ya Nyatike ataelewa bila kufafanuliwa. Kizuizi cha zege kisicho na mlinzi, kisicho na kumbukumbu na kilichozungukwa na watu wasio na njia nyingine ya riziki hakihesabiwi kwa nguvu ya saruji yake.

Hali ya Kenya na majirani

Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia, lakini taka zenye mionzi inazo. Hutokana na hospitali, viwanda, vyuo na ujenzi wa barabara, ambako vipimo vya unyevu na mshikamano wa udongo hutumia sesiamu na amerisiamu.

Sheria ya Kulinda Umma dhidi ya Mionzi ilipitishwa mwaka 1982. Nafasi yake ilichukuliwa na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia. Vyanzo vilivyokwisha kazi huhifadhiwa katika kituo kikuu cha kushughulikia taka zenye mionzi kilichoko Oloolua, viungani mwa Nairobi. Tanzania ina kituo chake Arusha, chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, na Uganda ina Baraza lake la Nishati ya Atomiki.

Zamani ilikuwa desturi katika nchi nyingi kukitumbukiza chanzo kilichokwisha kazi ndani ya mtungi wa lita 200 na kumimina zege juu yake. Desturi hiyo iliachwa kwa ushauri wa wataalamu. Chanzo kikishaganda humo hakiwezi kukaguliwa, kurejeshwa kwa aliyekitengeneza wala kuhamishiwa pahali pa kudumu bila kuvunja zege. Utaratibu wa sasa ni kukihifadhi ndani ya kijaluba cha chuma kinachoweza kutolewa.

Kwa nchi zenye taka chache, Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki limeendeleza mbinu iliyobuniwa Afrika Kusini: kisima chembamba huchimbwa, angalau mita 30 kwenda chini, na vijaluba vya chuma cha pua hushushwa humo vikiwa vimezungukwa na saruji. Ghana na Malaysia ni miongoni mwa nchi zilizoifanyia kazi mbinu hiyo.

Mionzi ya asili ya Migori na Homa Bay

Ni vyema kuondoa hofu moja. Osiri si jalala la nyuklia. Mawe yote duniani yana chembe za urani, thoriamu na potasiamu. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha utafiti kuhusu mionzi ya asili katika ukanda wa dhahabu wa Migori, wakiangalia pia vumbi linalotoka sehemu za kuvunjia mawe. Kwa mchimbaji, vumbi la kwatzi linaloingia mapafuni na zebaki inayochomwa kutoa dhahabu ni maadui wa kila siku, na havihitaji kinu chochote.

Katika Kaunti ya Homa Bay hali ni tofauti kidogo. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2012 kuhusu Lambwe Mashariki na mwaka 2013 kuhusu Mlima Homa zilionyesha mionzi ya asili inayozidi wastani wa dunia, thoriamu ikiwa chanzo kikuu. Vilima hivyo vina miamba ya volkeno iliyojaa kalsaiti.

Hapa ndipo msomaji anapoweza kuona ugumu wa kuchagua jiwe. Kalsaiti hustahimili nyutroni kuliko kwatzi, lakini jiwe lenye kalsaiti na thoriamu kwa pamoja lingeongeza mionzi ndani ya jengo badala ya kuipunguza. Hata kwa nyumba ya kuishi, kokoto au mchanga wenye thoriamu nyingi huwaongezea wakazi mionzi kutoka ukutani, na saruji haiwezi kuifuta. Mionzi hiyo ya asili hailidhuru zege lenyewe; ni hafifu mno kwa kazi hiyo.

Maswali ya kuuliza

Kutokana na hayo, mwananchi atakayehudhuria kikao cha umma kuhusu kinu cha nyuklia anaweza kuacha swali la jumla la iwapo saruji ni salama, akauliza yanayojibika.

Taka za aina gani zitatiwa saruji, na zipi hazitatiwa? Kila mtungi utakuwa na njia ya kutoa hidrojeni? Kokoto za ukuta wa kinu zitatoka timbo gani, na madini yake yamepimwa na nani? Maji ya mchanganyiko yatasimamiwa vipi siku ya kumimina? Ghala litakuwa umbali gani kutoka ziwani na kutoka maji ya ardhini? Na kumbukumbu za kilichozikwa zitatunzwa na ofisi gani, kwa lugha gani, kwa miaka mingapi?

Swali la mwisho ndilo zito kuliko yote. Maabara imekwisha kutueleza mengi kuhusu saruji: kwamba mionzi huipasulia maji yake, huifurishia mawe yake, na kwamba ikitengenezwa kwa uangalifu hustahimili kwa muda mrefu. Shinkolobwe imetueleza sehemu iliyobaki. Baada ya miaka 40 tu, zege lilikuwepo, lakini mlinzi hakuwepo. Nchi inayotaka kufunga taka kwa miaka 300 haina budi kuonyesha kwanza ni nani atakayelinda kifuniko katika mwaka wa 41.